Mwanamume Aliyeanika Nsansa Jabalini

Mmeniita nisimame mbele, nami nimekuja, lakini mtaniruhusu niketi. Mguu huu ukisimamishwa sana huanza kulalamika, na sitaki mseme baadaye kwamba nilikunja uso wakati wa kumshukuru Mungu. Haya, kiti kimeletwa. Wabeja, kijana wangu.

Ndugu zangu, nimewasikia asubuhi hii. Wakati wa kuleta mazao ya shukrani, mmoja ameleta jogoo, mwingine mtama, mwingine mbuzi ambaye nusura ale maua ya mezani, na mimi nikaja na gunia la majani makavu. Nikasikia kicheko upande wa vijana. Mmoja akasema, "Mzee kaleta matandiko ya ng'ombe." Simtaji jina. Babake ameshamfinya, asante sana baba. Sasa nawaambia, yale si matandiko. Ni nsansa, majani ya kunde yaliyochemshwa yakakaushwa juani, na kama si nsansa mimi leo ningekuwa na watoto wanaoniamkia kama wanavyomwamkia mpita njia. Ndiyo maana nimeomba nafasi. Mzee wa kanisa kanionya nifanye kifupi. Mzee wa kanisa ananijua tangu zamani, na anajua kifupi sikiwezi.

Wengi wenu mnanijua kwa mboga. Hamkunijua nikiwa kijana wa Maganzo. Nilikuwa nachimba almasi mimi na wenzangu. Tunachimba, tunachekecha changarawe, tunainama kutazama kama kuna kinachong'aa, hakuna, tunachimba tena. Kila jioni tulikuwa matajiri wa kesho. Nilikuwa na maneno makali na mkono mwepesi. Mtu akinitania mara ya kwanza nilimtazama, ya pili nilivua shati. Mama pale nyuma unatikisa kichwa, ni kweli kabisa, waulize waliokuwepo.

Mama wa watoto wangu alikuwa ametangulia. Aliniachia mapacha wa kike, Kulwa na Doto, na tuliishi watatu kwenye chumba kimoja pale Maganzo. Kulwa alikuwa msemaji, Doto mtendaji. Kulwa akisema, "Baba, maji yamekwisha," Doto ameshabeba ndoo yuko mlangoni. Ukimwita mmoja waliitika wote, ukimpiga mmoja walilia wote, kwa hiyo niliacha kupiga. Sikuwa na mali nyingine duniani, na wala sikujiona maskini.

Siku moja ukingo wa shimo ukaporomoka. Nilisikia mtu akipiga kelele, "Toka!" na kabla sijatoka udongo ulikuwa umenifika kifuani. Wenzangu walinifukua kwa mikono yao. Mungu awape maisha marefu popote walipo, maana wengine hata majina yao halisi siyajui, kule tulikuwa tunaitana kwa utani tu. Mguu ulikuwa umevunjika juu ya goti. Hospitali waliufunga vizuri, ukaunga, lakini uliunga kwa namna uliyotaka wenyewe. Shimoni sikuweza kurudi, na kutembea nyuma ya jembe la ng'ombe sikuweza. Nikarudi hapa Didia na wanangu, kwenye nyumba ya marehemu mama yangu. Paa lilikuwa linavuja, ila uzio wa minyaa ulikuwa umestawi ajabu.

Hatujakaa sana, ukoo ukaja. Alikuja baba yangu mdogo kutoka upande wa Maswa, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache. Akaja na dada yangu mkubwa aliyeolewa Ushirombo, mtu wa maneno mengi kuliko ng'ombe wa baba mdogo. Msinielewe vibaya, ndugu zangu. Hawakuja kwa ubaya. Ule ulikuwa mwaka uliofuata ukame, watu walikuwa bado wanakula unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, na walipoangalia ndani ya nyumba yangu waliona mwanamume, fimbo na mapacha.

Dada akasema, "Mdogo wangu, hatukuja kukusema. Lakini fimbo hailimi. Mke huna. Watoto watakula nini?"

Baba mdogo akasema, "Kulwa ataondoka na mimi. Doto ataondoka na shangazi yake."

Basi. Alisema hivyo akaendelea kuchokoa meno. Mmoja mashariki Maswa, mwingine magharibi Ushirombo. Mapacha! Watoto walioshiriki tumbo moja! Nikarusha fimbo. Kanisa linisamehe, lakini niliirusha, ikampata kuku. Kuku hakufa. Alikimbia akaenda kujificha chini ya kitanda, na sasa nikawa sina fimbo wala heshima.

Nilipogeuka nikawaona wale watoto wamesimama mlangoni. Kulwa, yule msemaji, hakusema neno. Alikuwa amemshika mwenzake mkono mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Ndugu zangu, shimo la Maganzo lilinifunika kifua, lakini siku ile ndipo nilipokosa pumzi.

Dada yangu ana ulimi, lakini ana moyo pia. Akaniangalia, akawaangalia watoto, akasema, "Haya, nisikilize. Tutarudi kiangazi kikishakomaa, kabla ya mvua kuanza. Tukikuta chakula cha kuwafikisha watoto hawa mavuno mengine, watabaki kwa baba yao. Tukikuta chungu kimefunikwa kifudifudi, tutawachukua, na siku hiyo usirushe kitu." Nikakubali. Ningekataaje?

Jirani mmoja akanilimia kipande cha mtama kwa ng'ombe wake, kidogo tu, maana naye alikuwa na yake. Mengine yalikuwa juu yangu. Nikaangalia ua uliozunguka nyumba, nikasema, hapa hapa. Nikakaa chini, nikashika jembe la mkono, nikalima nikiwa nimekaa. Nasogea kwa makalio, nalima, nasogea. Suruali zangu zote za mwaka ule ziliisha sehemu moja. Msicheke hivyo, akina mama, mguu ulikuwa mbovu lakini mikono ilikuwa bado ya mchimbaji. Nilichimba vitalu vya kuzama ili maji yasikimbie, nikajaza samadi, nikazungusha miiba kwa ajili ya mbuzi.

Nikapanda kunde, maboga, mchicha, bamia, nyanya chungu na pilipili. Upande wa nyuma nikainua matuta ya viazi vitamu. Mama yangu alikuwa ameacha mndimu pembeni ya bafu na shina la mchaichai, nikavifufua. Wanangu walikuwa wakichota maji kwenye visima vya mchangani, kule mtoni, kabla ya kwenda shule. Na maji ya kuoga hayakupotea. Tulikuwa tunaogea palepale kwenye tuta la maboga, tumezungushiwa mkeka. Sabuni ilikuwa haipatikani madukani, kwa hiyo maboga hayakudhurika. Doto akasema maboga yetu yanaoga kila siku kuliko mwalimu wao. Nilimkanya, lakini nilicheka.

Mvua za mwaka ule Mungu alizimwaga bila kinyongo. Bustani ikawa kijani mpaka inatisha. Tulikula mboga asubuhi, tukala mboga jioni, mpaka Kulwa akaniuliza kama tunageuka mbuzi. Lakini ninyi mnaijua nchi yetu. Mvua ikikata, imekata. Inabaki ardhi iliyopasuka na vumbi. Mboga mbichi ya masika haimsaidii mtu kiangazi. Lazima uikaushe, uiweke.

Na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanza.

Kwetu mwanamume analima, anachunga, anachimba, anajenga. Kuchuma majani, kuyachemsha, kuyaanika, hiyo ni kazi ya mama. Tena mnajua inapofanyika. Ni lile jabali pana njiani kwenda kisimani. Pale kila nyumba ina sehemu yake, imepangiwa vijiwe pembeni, na mkwe hupewa sehemu ile na mama mkwe wake. Wanawake hushinda pale wakigeuza nsansa na michembe ya viazi vitamu, wakifukuza kuku na kuichambua dunia nzima. Mwanamume akipita hapo husalimia haraka na kuangalia mbele. Sasa mimi, niliyekuwa navua shati nikitaniwa mara mbili, nikaanike majani pale? Afadhali shimo liporomoke tena!

Watoto wakaniambia, "Baba, tutaenda sisi." Nikakataa. Nikasema watu watauliza nani kachuma, nani kachemsha, nani kakaa na ungo mnapokuwa shule, na habari itafika Ushirombo kabla mboga hazijakauka. Nikaamua kuanika kwa siri.

Nilitandaza majani darini juu ya moshi, mengine nyuma ya zizi tupu la mbuzi ambako jua linachungulia na kuondoka. Na mtu akibisha hodi! Mama yangu! Nilikuwa nakusanya kila kitu kikiwa bado kibichi, nakisukumia kitandani, nakifunika blanketi, halafu nalala juu yake nagugumia kwamba mguu unauma. Watu wananipa pole, nami nahisi maji ya kunde yanapenya mgongoni. Mchungaji mmoja aliniombea kwa muda mrefu siku moja, nikiwa juu ya mboga. Maombi yake yalifanya kazi baadaye, lakini siku ile nilitamani aseme amina.

Kila fungu la majani nililitia kwenye madebe ya mafuta, nikayafunika, nikakandika udongo kwenye vifuniko. Nilikuwa nikiyatazama yale madebe kabla ya kulala, najisifu. Nasema moyoni, dada yangu njoo tu.

Mvua zikiwa karibu kukata, jirani yangu akaingia. Ni mama mmoja mtu mzima, yupo humu, ameshaanza kucheka, ngoja amalize. Akasimama mlangoni akanusa.

"Baba Kulwa, mwangaluka."

"Mwangaluka, mayu."

"Humu ndani kimekufa nini?"

"Hakuna kilichokufa."

"Kimekufa. Sema ni panya au ni mtu, nijue niite nani."

Nikajaribu kulala kitandani nigugumie, lakini huyu mama hagugumiwi. Alifuata harufu mpaka kwenye madebe, akachukua kisu, akabandua udongo, akafungua la kwanza. Ukungu mweupe! La pili, ukungu na funza. La tatu sitawaelezea, tuko kanisani. Waliosema akiba haiozi hawakuyaona madebe yangu.

Yule mama alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akashika mbavu. Kisha akaniona. Maana mimi nilikuwa nalia, ndugu zangu. Mwanamume wa Maganzo, mbele ya mwanamke na kuku. Kazi yote ya masika imeoza, na kiangazi kinakuja, na nyuma ya kiangazi anakuja dada yangu. Nikamwambia yote, jinsi watoto watakavyogawanywa, mmoja huku mwingine kule. Akaacha kucheka.

"Kwa nini hukuanika juani?"

"Ningeanika wapi?"

"Jabalini."

"Mimi?"

"Mimi ninazo nsansa zangu, baba. Nazungumzia zako. Bustanini kunde zimebaki?"

"Za mwisho zipo. Na maboga. Na viazi bado sijachimba."

"Basi kesho uzilete. Sehemu ya mama yako ipo, hakuna aliyeichukua. Tunaifagia tu tukifagia za kwetu."

Sikulala vizuri. Nilijigeuza, nikajiambia nitakwenda, nikajiambia siendi. Asubuhi watoto walikuwa wameshachemsha majani na kuyatia kwenye ungo. Doto akaniletea fimbo yangu. Ningefanyaje? Nikaenda.

Tulipotokea pale jabalini, soga ilikatika ghafla. Hata watoto wachanga mgongoni walinyamaza, au mimi ndiye niliyeona hivyo. Jirani yangu akanionyesha kwa kidevu. Nikaviona vile vijiwe vya mama yangu, vimepangwa mstari, hakuna hata kimoja kilichosogea. Nilikuwa nalala pale nikiwa mdogo, kwenye kivuli chake, yeye akigeuza michembe. Nikakaa chini, mguu nikaunyoosha, nikaanza kutandaza majani.

Wakapita wanaume wanapeleka ng'ombe kunywa maji. Mmoja wao, mdomo mpana, akasimama akaita kwa sauti ya wote kusikia: "Shikamoo, mama!"

Damu ya Maganzo ikapanda. Nikaishika fimbo. Nilishapaona mahali pa kumpiga, hapa kwenye kishogo. Halafu Doto, yule asiyesema sana, akanigusa bega. "Baba, ukiirusha, kuku wanaokuja tutawafukuza na nini?"

Nikaangalia. Kweli kuku walikuwa wanakuja. Nikaangalia majani, nikamwangalia Kulwa aliyekuwa ameuma mdomo, nikawaangalia wote wawili wamesimama bega kwa bega. Nikaishusha fimbo. Nikamjibu yule bwana kwa sauti kubwa kuliko yake: "Marahaba, mwanangu! Kiangazi kikikushika njoo mama akupikie!"

Jabali zima lililipuka kwa kicheko. Wanawake walipigana viganja, mmoja akamwaga viazi vyake. Yule bwana akawafuata ng'ombe wake haraka, na tangu siku ile hakuna aliyenisumbua. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipopona. Kwa nje hakuna kilichokuwa kimebadilika, chakula kilikuwa bado hakijakauka, lakini ule mzigo niliokuwa nimeulalia kitandani ulikuwa umeondoka.

Akina mama wale walinifundisha na kunitukana papo hapo. "Tandaza nyembamba, Baba Kulwa, unalaza au unaanika?" "Geuza!" "Kata viazi vyembamba, hivyo ni matofali!" Nikajifunza kwamba jani likikauka sawasawa ukilifinya linalia mkononi, na kama halilii usiliweke. Nikajifunza kwamba nsansa hutunzwa kwenye kapu au gunia linalopitisha hewa, na hutundikwa juu, wala hazizikwi kwenye debe kama maiti. Tukaanika kunde za mwisho, majani ya maboga na bamia zilizokatwa. Viazi vibichi tukavikata tukakausha michembe, vingine tukavichemsha kwanza vikawa matobolwa. Nikashinda pale siku nyingi. Umbea niliousikia nitakufa nao, msiwe na wasiwasi.

Katikati ya hayo nikapata lifti ya lori kwenda Maganzo kuwasalimu wale walionifukua. Nikapita kwa mama mmoja wa Kihindi, mwenye duka, aliyekuwa anawapa wanangu pipi enzi zile. Nikampelekea kapu la ndimu, maana mndimu wa mama ulikuwa umezaa kupita kiasi na nyingi zilikuwa zinaozea chini. Akaniuliza, "Nyumbani mnazifanyia nini?" Nikasema tunakamulia mboga, nyingine zinaoza. Akapiga ulimi, akanivuta mpaka uani, akanifundisha kutengeneza achari. Ndimu zinakatwa nne, zinatiwa chumvi na pilipili, zinawekwa kwenye chupa, chupa inakaa juani mpaka ganda lilainike.

"Chupa iwe kavu, baba. Tone moja la maji likiingia, yote inaoza."

Nikamwambia, "Mama, kuhusu kuoza mimi nimeshahitimu."

Chumvi ilikuwa adimu, lakini alinifungia kwenye gazeti, na chupa tupu akanipa. Nilipomuuliza nimpe nini, akasema niwasalimie mapacha. Basi jabalini ikawa mimi nina nsansa, michembe na chupa zangu zinang'aa juani. Akina mama walikuja mmoja mmoja kuonja, wanakunja uso, wanaonja tena.

Kiangazi kikakomaa. Upepo ukaleta vumbi, mito ikawa mchanga. Wakaja.

Dada yangu alikuja na kanga mpya, zile mbili bado zimeungana kama zilivyotoka dukani. Alikuwa amemletea Doto ya kusafiria. Baba mdogo alikuja na kamba, alikuwa na nia ya kununua ndama akirudi, lakini nilipoiona ile kamba roho iliniruka. Nikawakaribisha. Watoto wakapiga magoti, wakaamkia, wakaenda jikoni.

Tukala. Ugali wa mtama, nsansa iliyopikwa kwa karanga, bamia, na chupa ya achari katikati. Baba mdogo aliidharau chupa, akachota kipande kikubwa akatia mdomoni mzima. Macho yakamtoka. Jasho likamtiririka mpaka shingoni. Tukadhani tumemuua. Akameza, akasema neno lake la kwanza tangu aingie: "Ongeza ugali."

Dada hakula sana. Alikuwa anatazama dari, anatazama makapu yaliyotundikwa. Akainuka, akatia mkono kwenye kapu la kwanza, la pili, akavunja mchembe akausikiliza. Akaangalia nyuma ya mlango, akainama akachungulia chini ya kitanda.

"Dada, unatafuta nini?"

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwanamke. Umeoa ukatuficha. Hizi ni kazi za mwanamke, tena mzoefu. Mtoe nimsalimie."

"Hakuna mwanamke."

"Basi umeazima kwa majirani ili utudanganye leo. Mdogo wangu, mimi si mtoto. Kesho wenyewe watakuja kuchukua vyao, na wale watoto watalala njaa. Doto, mwanangu, kafungashe."

Doto hakusogea. Kulwa akafungua mdomo, na safari hii maneno yalimtoka. "Shangazi, kazi zote tumefanya sisi na baba. Baba anaanika jabalini na wanawake."

Dada akanigeukia. "Wewe?"

Nilikuwa na jibu moja tu. Nikachukua fimbo nikamwambia, "Njoo." Tukaenda pole pole, mguu huu unavyotaka. Pale jabalini nilikuwa nimetandaza michembe ya mwisho asubuhi ile, ndani ya vile vijiwe. Jirani yangu alipotuona hakunisalimia kama mgeni. Alinifokea, "Baba Kulwa, unakwenda kula unaniachia mimi kuku wako! Geuza vitu vyako!" Nikakaa chini nikaanza kugeuza.

Dada yangu hakunitazama mimi. Alikuwa anavitazama vile vijiwe. Akauliza taratibu, "Hapa si pa mama?"

Nikasema, "Ni pa mama."

Akakaa chini kama alivyo, na nguo zake nzuri za safari, kwenye jiwe la moto. Akakiweka kiganja pale. Yeye ndiye aliyekuwa akimsaidia mama kuanika hapo kabla hajaolewa, mimi nikiwa mchanga mgongoni kwake. Akalia. Dada yangu, mwenye maneno mengi kuliko ng'ombe, alikosa neno moja. Wanawake wale wakamwacha alie, wakaendelea kugeuza. Nami sikumnyamazisha, maana nilikuwa nalia pia, ila mimi nilikuwa na vumbi la kusingizia.

Aliponyamaza alianza kugeuza michembe na mimi. Mikono yake haikuwa imesahau. Tulipomaliza tukarudi nyumbani, akaomba kisu. Akazitoa zile kanga, akazikata katikati. Moja akamvika Doto, ya pili akamvika Kulwa. Akasema, "Vaeni. Hakuna anayesafiri."

Na baba mdogo? Baba mdogo alifunga kamba yake kiunoni, akaondoka na chupa ya achari kwapani. Hakuaga vizuri. Mwaka uliofuata alituma mtu kutoka Maswa kuleta chupa tupu.

Ndugu zangu, namalizia, nimemwona mzee wa kanisa anaangalia saa. Nawashukuru walionifukua kwa mikono. Namshukuru yule mama wa duka, kwa chumvi aliyonipa wakati chumvi ilikuwa haionekani. Nawashukuru akina mama wa jabalini kwa kila tusi, na wewe jirani yangu, wabeja sana, mayu, ungecheka ukaenda zako hakuna ambaye angekulaumu. Namshukuru dada yangu, yuko Ushirombo, amezeeka, na bado anaongea.

Na funzo langu kwenu ni hili. Mchagua jembe si mkulima, hilo mnalijua. Mimi naongeza la kwangu: kama una shida, itoe juani watu waione. Mimi nilipoificha ilininukia nyumba nzima. Kijana uliyecheka asubuhi, sina kinyongo nawe, ila njoo wiki ijayo bustanini na jembe lako. Kuna kunde za kuchuma.

Mnasema nimesema sana na hamjaona ushahidi. Haya. Kulwa, simama. Doto, simama nawe. Wapeni waume zenu hao watoto. Waoneni, ndugu zangu. Walilala mkeka mmoja mpaka wiki waliyoolewa, na wakaolewa wiki moja.